Ukoo wa Likoni, tawi la Minnesota

Salim: Assalaam alaykum. Nani yuko kwa TV? Raundi ya saba hii na Twins wetu wa besiboli wamepata mipigo miwili tu. Uwanjani kwao Target Field leo ni nyuzi 36 za Fahrenheit, kama 2 hivi kwa hesabu ya kwetu. Mrushaji akipumua anatoa mvuke.

Rehema: Waalaykum salaam kaka. Mimi nilizima tangu raundi ya nne. Roho ninayo moja.

Hamisi: Mama amezima TV lakini redio ya jikoni inanguruma 😂

Rehema: Hamisi, ya jikoni yaache jikoni.

Salim: Usikate tamaa dada, hii ni Aprili. Mwaka 2024 tulianza 7-13, yaani kushinda 7 na kufungwa 13, kila mtu analia, kisha tukashinda 12 mfululizo. Umeisahau ile soseji?

Hamisi: Soseji ya bahati 😂😂 Watu wazima wanazunguka na soseji kwenye plastiki, mchezaji akipiga homurani, mpira ukavuka ukuta, anarushiwa. Lakini mjomba, hadithi imalizie. Mwaka huohuo tuliishia 82-80 na mechi za mchujo tukaziangalia za wenzetu. Na 2025 tukashinda 13 mfululizo mwezi wa Mei, mwisho wa msimu 70-92!

Salim: Kweli, siwezi kubisha. Ila ninachosema ni kwamba mpigaji usimhukumu kwa Aprili. Mpira wenyewe hauendi kwenye baridi. Hewa inakuwa nzito, mpira unakuwa mgumu. Ule ambao Julai ungeruka futi 400, kila joto likishuka nyuzi 10 unapoteza futi tatu au nne. Toka nyuzi 80 mpaka 36 upige hesabu mwenyewe. Homurani inageuka mpira wa kudakwa mbele ya ukuta.

Rehema: Wangeweka paa. Uwanja wa zamani, Metrodome, tulikaa na fulana Aprili. Milwaukee hapo jirani wana paa la kufungua na kufunga, sisi 2010 tukajengewa uwanja wazi, Minnesota!

Salim: Julai jioni hulalamiki dada.

Rehema: Julai ni Julai. 2018 theluji ilifuta wikendi nzima ya mechi na White Sox wa Chicago, timu ikapanda ndege kwenda kucheza Puerto Rico. Waliposhuka San Juan na lile joto nadhani walitamani wasirudi.

Hamisi: Na mechi ya pili kule ilikwenda raundi 16, badala ya tisa! Tukashinda 2-1. Nilichelewa darasani kesho yake.

Rehema: Hilo ndiyo nalisikia leo.

Mwanaisha: Nyinyi mnalilia Twins, mimi hapa nina mchezaji wangu amejifungia chumbani. Mechi ya softiboli leo, ametolewa kwa straiki tatu mara mbili. Tangu msimu uanze Zuhura hajapata mpigo hata mmoja, na nusu ya mechi zimefutwa kwa sababu uwanja ni tope.

Zuhura: MAMA. Kwa nini hapa 😭

Salim: Kwa sababu hapa ndipo kwenu. Niambie mjomba wako, unakosea wapi?

Zuhura: Mikono inawaka mjomba. Ukigonga mpira karibu na mpini, mtetemo unapanda mpaka kwenye kiwiko. Sasa ukija mwingine wa upande wa ndani, narudi nyuma kabla haujafika. Najua unakuja na bado narudi.

Salim: Basi tatizo umelijua, na ni nusu ya dawa. Macho yako hayana shida. Mwili unakumbuka maumivu ya mpira uliopita. Weka vile vifuko vya joto kwenye mfuko wa nyuma, ushike mpaka zamu yako ifike. Na gongo lilale ndani ya nyumba. Yale ya komposaiti yakipata baridi yanapasuka.

Hamisi: Zuhura, Chris Davis wa Baltimore aliingia kupiga mara 54 bila mpigo, toka Septemba 2018 mpaka Aprili 2019. Bado hujamfikia 😂

Rehema: Hamisi!!

Hamisi: Sijamaliza mama. Siku aliyoupata, kule Boston, akapata mitatu siku hiyohiyo. Na Derek Jeter, nyota wa Yankees, Aprili 2004, mara 32 hola. Akaufungua kwa homurani. Jeter, Zuhura.

Salim: Mimi nampenda zaidi Willie Mays. Mei 1951, kijana wa miaka 20, ndiyo kwanza ameitwa na timu ya Giants, New York. Mara 12 za kwanza hakugusa kitu. Ya 13 akampiga mrushaji Warren Spahn homurani, tukadhani basi. Kumbe ukame ukarudi palepale, jumla mpigo mmoja katika mara 26. Akalia chumba cha kubadilishia nguo. Kocha Durocher akamwambia maadamu yeye ni kocha, yule ndiye mchezaji wake wa uwanja wa kati. Hakumweka benchi. Mwaka ule Mays akawa mchezaji mpya bora wa ligi, na akastaafu na homurani 660.

Zuhura: Kocha wetu pia hajanitoa.

Mwanaisha: Hujaniambia hilo.

Zuhura: Alisema Alhamisi nitapiga wa tano kama kawaida.

Mwanaisha: Alhamdulillahi. Basi sisi tufanye kama watu wa Philadelphia, Agosti 2023. Mchezaji wao Trea Turner ana mkataba wa dola milioni 300 na hapigi chochote. Mji ule mkali, badala ya kumzomea wakasimama wakampigia makofi kila alipoingia kupiga. Akafunguka.

Zuhura: Tafadhali msisimame.

Rehema: Mama yako mdogo atasimama na vigelegele atapiga.

Nyanya: Nimeamka kwa swala nakuta jumbe chungu nzima. Nani mgonjwa?

Zuhura: Shikamoo nyanya. Hakuna mgonjwa. Ni mimi sipigi mpira.

Nyanya: Marahaba mjukuu wangu. Umekula?

Zuhura: Bado.

Nyanya: Mwanaisha, mtoto hajala mnamzungumzia wazungu wa 1951.

Salim: Mays alikuwa mweusi mama, wa Alabama 🙏🏾

Nyanya: Sawa, basi muombeeni. Lakini kwanza ale. Na huko bado baridi mwezi wa nne? Huku mvua za masika zimeanza, Likoni yote maji.

Mwanaisha: Ametoka chumbani, anapasha pilau.

Salim: Alhamisi saa kumi na nusu jioni, tukijaaliwa uwanja ukauke. Mimi naleta chai ya tangawizi, chupa mbili.

Rehema: Mahamri kwangu. Hamisi ataleta mablanketi, yale mazito.

Hamisi: Sawa mama. Twins wamefungwa jamani, imeisha.

Salim: Kesho wanacheza tena. Zuhura, gongo liko wapi sasa hivi?

Zuhura: Kwenye buti ya gari…

Salim: Kalitoe.