Rufaa ya mama imetupwa kwa kuchelewa siku 12. Hizi sheria za mahakama ziwekwe kwenye kitabu kimoja, tumechoka!

Wakuu, leo ni siku ya tatu silali vizuri. Nimeona niliweke hapa jambo hili kabla halijanipasua kifua. Ni refu, asiye na muda apite.

Nina steshenari hapa Mwanza, hatua chache kutoka mahakamani. Kazi yangu ni kuchapa: hati za kiapo, barua za kuomba nakala, sababu za rufaa, maombi ya kuongezewa muda. Huu ni mwaka wa tisa. Sijasomea sheria na sijawahi kumdanganya mtu kwamba nimesoma, lakini karatasi zilizopita mikononi mwangu ni nyingi, na nilidhani ninajua hesabu za siku. Sikuwa najua. Aliyelipa kwa kutojua kwangu ni mama yangu mzazi.

Baba alipofariki, mirathi ilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo kule kwetu ng'ambo ya ziwa. Baba mdogo akateuliwa msimamizi wa mirathi, kisha shamba la mpunga na kiwanja cha kando ya barabara akaviorodhesha kuwa mali ya ukoo. Mama aliyelima shamba lile tangu sijazaliwa akaonekana mpita njia. Akapinga. Hukumu ikasomwa tarehe 3 Machi, akashindwa, akaambiwa haki ya rufaa ipo ndani ya siku 30.

Kesho yake asubuhi alikuwa dirishani anaomba nakala ya hukumu. "Mama yangu, bado inachapwa, njoo wiki ijayo." Wiki ijayo: hakimu hajasaini. Wiki nyingine: hakimu yuko semina. Mama ana kalenda ya ukutani ya duka la pembejeo, na kila siku aliyokwenda kuulizia aliizungushia mkaa. Miduara 6. Akanipigia simu: "Mwanangu, siku zinakwisha." Mimi, msomi wa steshenari, nikamjibu: "Mama usihofu, siku za kusubiri nakala hazihesabiwi. Ukishaipata njoo nayo tuandike."

Aliipata tarehe 9 Aprili. Akavuka nayo ziwa ikiwa ndani ya bahasha, na bahasha ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira, maji yasiifikie. Tukaandika sababu za rufaa usiku kucha, tukawasilisha Mahakama ya Wilaya tarehe 14. Upande wa pili wakaleta pingamizi la awali: rufaa imeletwa nje ya muda. Pingamizi likakubaliwa. Rufaa ikatupwa. Hakuna aliyefungua ukurasa wa pili kuona shamba ni la nani.

Sasa sikilizeni kilichonitia hasira. Nilichomwambia mama kina ukweli, ila ni ukweli wa mlango mwingine. Kesi ikianzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, rufaa lazima iambatanishwe na nakala, na Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, yaani ile inayopanga muda wa mwisho wa kufikisha mashauri mahakamani, inaziondoa kwenye hesabu siku ulizokuwa ukisubiri nakala hizo. Kesi ikianzia Mahakama ya Mwanzo, nakala ya hukumu si sharti la kukata rufaa. Na kwa kuwa si sharti, siku ulizoisubiri zinakuhesabikia. Mahakama za juu zimeshalisema hilo mara nyingi. Maana yake siku ya mwisho ya mama ilikuwa tarehe 2 Aprili, siku 7 kabla hajaikamata ile karatasi.

Naomba mwanasheria yeyote humu anijibu bila kuzunguka: mtu anaandikaje sababu za kupinga hukumu ambayo hajaisoma? Mama alisikia hukumu ikisomwa mara moja, kwa haraka, kwenye chumba chenye watu wa kesi nyingine 4. Aandike kwa kukumbuka?

Kinachouma zaidi ni hiki. Mahakama ya Mwanzo iliwekwa kwa ajili ya watu kama mama. Mpaka 2021 wakili alikuwa haruhusiwi kabisa kusimama pale, na sababu tuliyoambiwa ni kwamba ni mahakama ya wananchi, haina ufundi mwingi. Sawa. Basi kwa nini mtu aliyepelekwa mahakama isiyo na wakili ndiye anayepewa siku chache kuliko wote, tena zisizosimama? Mwenye wakili na kesi kubwa anasubiriwa, mjane wa kijijini hasubiriwi.

Baada ya rufaa kutupwa nilifunga duka siku mbili, nikakaa na simu nikipakua sheria. Niwaonyeshe nilichokuta.

Rufaa ya kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya, siku 30: Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, ya mwaka 1984. Kutoka hapo kwenda Mahakama Kuu, 30 nyingine. Kesi ya madai iliyoanzia Wilayani kwenda Mahakama Kuu, siku 90, na hizo humo Sura ya 11 huzioni, ziko kwenye jedwali la Sheria ya Ukomo. Ardhi ikianzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, siku 45: hiyo ni Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, ya 2002. Jinai iliyoanzia Wilayani, unatoa taarifa ya nia ya kukata rufaa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya 45: Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, ya 1985. Ukifika Mahakama ya Rufani, kuna sheria yake, Sura ya 141 ya 1979, pamoja na Kanuni zake za 2009: taarifa siku 30, halafu rufaa ndani ya siku 60 tangu taarifa. Na kama shauri lako lilianzia Mahakama ya Mwanzo, Mahakama Kuu ikuthibitishie kwanza kwamba kuna hoja ya kisheria, la sivyo hupiti.

Hapo nimegusa siku tu. Ukichelewa na kuomba kuongezewa muda, kila mlango una kifungu chake. Huyu anatumia kifungu cha 14 cha Sheria ya Ukomo. Wa ardhi ana chake ndani ya sheria ya ardhi. Wa Mahakama ya Rufani ana kanuni ya 10. Wa kwetu sisi wa Mwanzo anakwenda kwenye Tangazo la Serikali Namba 312 la mwaka 1964, kanuni ya 3. Mwaka 1964! Katika miaka yangu 9 sijawahi kuona nakala yake ya karatasi. Niliisikia kwa wakili aliyekuja kudurufu, akanihurumia. Nimeshachapia watu maombi yaliyorudi kwa sababu ya kutaja kifungu kisicho chake. Mtu ana haki yake mkononi lakini amekosea namba, anarudi kuanza upya. Marekebisho ya 2018 yaliwataka mahakimu na majaji watazame haki kuliko ufundi, na nakiri yamepunguza balaa hilo. Lakini siku hayajazigusa. Ukichelewa umechelewa.

Halafu nikafungua Sura ya 358, ile inayosema mahakama zetu zinatumia sheria zipi. Nilidhani simu imeniletea kitu cha makumbusho. Mahakama Kuu inaelekezwa kwenye sheria za jumla zilizokuwa zikitumika Uingereza tarehe 22 Julai 1920. Imo humo mpaka leo. Bibi yangu mzaa baba alikuwa hajazaliwa.

Najua wapo watakaoniambia, "Mkuu, sheria zimeshafanyiwa urekebu, kuna Toleo la 2023." Nalifahamu, limeanza kutumika tarehe 1 Julai 2025. Lile toleo limeingiza marekebisho mahali pake na kupanga vifungu upya, kazi nzuri iliyohitajika. Lakini halikuunganisha kitu. Sura ya 11 imebaki Sura ya 11, Sura ya 89 imebaki ya 89, na shimo alilotumbukia mama liko vilevile katikati yake. Kilichobadilika kwangu dukani ni kwamba baadhi ya vifungu vina namba mpya, na watu wanakuja na mifano ya zamani waliyopewa na jirani, namba hazilingani.

Kiswahili pia. Mwaka 2021 Bunge lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Nilishangilia. Sasa nionyesheni mahali mwananchi anapochukua hizo sheria 6 nilizotaja, zote kwa Kiswahili, zikiwa na marekebisho yote ndani, azisome mwenyewe bila kumlipa mtu. Nakala zote nilizopakua mimi ni za Kiingereza.

Majirani zetu Kenya mwaka 2015 walitunga upya sheria za Mahakimu, Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, mwaka mmoja zote 3. Mwaka uliofuata wakatunga ya mahakama ya madai madogo, na leo shauri la huko linatakiwa kuisha ndani ya siku 60. Sisemi kwao hakuna shida. Nasema inawezekana kukaa chini na kuandika upya.

Tena jambo hili linaihusu Mwanza kuliko mnavyofikiri. Mwaka 1990, Mahakama Kuu hapa hapa Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua rufaa ya shamba la ukoo la huko Kagera. Mwanamke alilirithi kwa baba yake, akaliuza, ukoo ukasema mila ya Kihaya haimruhusu. Jaji akasema mila hiyo inapingana na Katiba, mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Wanafunzi wa sheria mpaka leo wanaisoma. Shauri hilo lilianzia Mahakama ya Mwanzo, kama la mama. Lingekwama kwenye hesabu ya siku, yule jaji asingepata nafasi ya kuandika hata mstari mmoja.

Katiba yenyewe, Ibara ya 107A, inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Mahakimu siwalaumu sana kwa hili, wanatumia walichopewa. Nawalaumu waliowapa: Wizara, Bunge, na Tume ya Kurekebisha Sheria ambayo kazi yake ndiyo hii. Tungeni sheria moja ya mahakama zote, kuanzia Mwanzo mpaka Rufani, pamoja na mabaraza ya ardhi ambayo mpaka leo mtu hajui ahesabu ni mahakama au ni wizara. Jedwali moja la siku. Kifungu kimoja cha kuomba kuongezewa muda. Na siku zianze kuhesabiwa pale mtu anapopewa nakala mkononi, kila mahakama bila ubaguzi. Liandikwe kwa Kiswahili, libandikwe ukutani palepale mama alipokuwa akiambiwa njoo wiki ijayo.

Msiniambie "ungeajiri wakili." Mama aliuza mbuzi 2 kulipia nauli na kuchapisha. Wakili angemlipa nini?

Tumeshawasilisha maombi ya kuongezewa muda, kwa kanuni ile ya 1964. Kwenye kiapo tumeambatanisha picha ya kalenda na ile miduara yake ya mkaa. Tunasikilizwa mwezi ujao. Baba mdogo ameshaingiza trekta shambani. Mwenye uamuzi wowote wa Mahakama Kuu ambapo aliyecheleweshewa nakala na Mahakama ya Mwanzo aliongezewa muda, naomba auweke hapa chini au anitumie inbox, nitauchapa mwenyewe.