Ofisa wanyamapori akikamatwa na meno ya tembo: ni miaka 3 au 20?

Mbuyu_Mkavu
Wakuu, nisaidieni. Ofisa wanyamapori kabeba meno ya tembo kwenye gari la serikali. Kifungu cha 31 cha sheria ya TAKUKURU, matumizi mabaya ya madaraka, kinasema faini isiyozidi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3. Raia akikutwa na jino hilohilo anakula 20. Yaani cheo ndiyo nafuu?

Jalada
Hapana mkuu, umesoma shtaka jepesi ukaruka lenye uzito. Shtaka mama ni kupatikana na nyara za serikali (sehemu za wanyamapori, kama meno haya), kifungu cha 86 cha Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, likisomwa pamoja na 57(1) na 60(2) vya Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200. Tangu marekebisho ya 2016, 60(2) ni miaka 20 hadi 30. Akishatiwa hatiani, hakimu hana pa kushukia chini ya 20, hata aletewe maombolezo ya watoto sita na mama mgonjwa. Cheo kinahesabika hapo juu, kati ya 20 na 30. Kifungu cha 31 huongezwa kando, na ukikiweka taja ni sheria au kanuni gani hasa aliyoikiuka. Hati ya mashtaka inayosema tu "alitumia vibaya madaraka" imejiua yenyewe.

Kielelezo_P1
Ugumu wa mshtakiwa wa aina hii ni kwamba kushika nyara ni sehemu ya kazi yake. Atasema alikuwa anazipeleka ghalani. Kwa hiyo kabla ya yote chukueni kitabu cha safari cha gari, ratiba ya zamu na kitabu cha matukio cha kituo chake. Kama hakuna aliyeandika nyara kuokotwa wala safari kuidhinishwa, utetezi huo umekufa.

Pili, mtoeni kwenye makaratasi. Mthamini asitoke ofisi yake. Thamani huhesabiwa kwa mnyama, si kwa kilo: kanuni za 2012 ziliweka tembo mmoja dola 15,000, na meno matatu maana yake tembo wasiopungua wawili. Kila jino liwe na alama tangu eneo la ukamataji, hati ya ukamataji isainiwe palepale na shahidi huru, kisha lebo ya kielelezo (fomu ya polisi PF 145) na daftari la vielelezo (PF 16) vilingane. Alama ikiandikwa siku mbili baadaye kituoni, wakili ana rufaa yake tayari.

Jalada
Naongeza ridhaa ya kushtaki, maana huko ndiko kesi nyingi hufia Mahakama ya Rufani. Ridhaa ya 26(1) ya Sheria ya Uhujumu Uchumi husainiwa na DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) mwenyewe. Mwanasheria wa mkoa aliyekasimiwa anatumia 26(2). Hati ya kuipa mahakama ya chini mamlaka ni 12(3) kama makosa yote ni ya uhujumu, 12(4) kama yamechanganyika. Ziandike vifungu vyote vya makosa. (Namba ni za toleo la 2022.)

Mbuyu_Mkavu
Shukrani wakuu. Na gari litataifishwa?

Kielelezo_P1
Litaifishwe liende wapi, serikalini? Lipigwe picha, litolewe kama kielelezo, kisha muombe amri ya kulirudisha idarani.