Mpangaji anahama: je, naweza kukata amana yake kwa ajili ya rangi?

Assalamu alaykum waungwana. Nina nyumba ya vyumba viwili Machomane, Chake Chake, niliyompangisha mwalimu wa skuli kwa miaka mitatu. Kodi ni shilingi 150,000 kwa mwezi, naye hulipa miezi sita kwa mkupuo. Sasa amehamishiwa Unguja na ataondoka mwisho wa mwezi huu, ilhali amekwisha kulipia miezi miwili ya mbele, na amana yake ya shilingi 300,000 ninayo. Jana nilipopita niliona ukuta wa chumba cha nyuma umebabuka rangi kutoka sakafuni hadi usawa wa goti, matundu manne ya misumari, na kitasa cha mlango wa uani kimevunjika. Alipoingia hatukuandikiana chochote kuhusu hali ya nyumba. Je, ni haki kukata gharama za kupaka rangi nyumba nzima, na ile kodi ya miezi miwili niifanyeje?

Fundi wa Gombani: Wa alaykumu salaam. Kabla hujamlaumu mwalimu, pitisha kiganja hapo palipobabuka. Ukipata unga mweupe, hiyo ni chumvi inayopanda na unyevu kutoka ardhini, au iliyokuja na mchanga wa pwani uliotiwa kwenye plasta wakati wa kujenga, na mpangaji hahusiki nayo hata kidogo. Ukipaka rangi juu yake, masika yajayo itabanduka tena, na huyo mpangaji mpya utamwambia nini? Matundu ya misumari ni saruji ya kiganja kimoja. Mimi hata sitozi.

Bi Mkubwa wa Wete: Kuhusu kodi, tazama kwanza mkataba wenu unasemaje. Ikiwa hauna kifungu cha anayeondoka mapema, kaeni mkubaliane. Mimi humrudishia aliyehama kodi ya siku ambazo mwengine amekwisha kuingia, kwa sababu kupokea kodi mara mbili kwa chumba kimoja nafsi yangu haikubali.

Mkaazi wa Fuoni: Kagueni pamoja, mchana, vyumba vikiwa vitupu; ukaguzi wa baada ya magharibi kwa mwanga wa simu ndio unaozaa ugomvi. Mita ya Tukuza haina shida kwa kuwa umeme hulipiwa kabla, lakini bili ya maji huja baada ya matumizi, kwa hiyo iulizie kabla hujamkabidhi amana. Andikeni makubaliano nakala mbili, na funguo zote zihesabiwe, pamoja na zile alizochongesha mwenyewe.

Mwenye uzi: Nashukuruni. Leo asubuhi nimepitisha kiganja na unga mweupe umenibakia vidoleni, kwa hiyo habari ya rangi nimeifuta. Kitasa amekubali mwenyewe kuwa mwanawe ndiye aliyekivunja, nasi tumekubaliana nikate shilingi 25,000. Nikipata mpangaji kabla ya miezi miwili kwisha, kodi iliyobaki nitamrudishia, hilo tumeliandika. Tutakagua Jumamosi saa mbili asubuhi. Fundi, plasta niikwangue hadi wapi?

Fundi wa Gombani: Nusu mita juu ya pale chumvi inapoishia, kisha uuache ukuta ukauke vizuri kabla ya kupiga plasta mpya. Usikubali mchanga wa pwani, hata ukiambiwa umeoshwa.