Naomba ushauri: binti amepata udaktari wa miaka 6 Kansas City na wa miaka 8 Brown, mwisho wa kujibu tarehe 1 Mei

BabaZuhura:
Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Kansas City upande wa Missouri mwaka wa 14 sasa. Naendesha lori, mama watoto anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Zuhura, mtoto wetu wa kwanza, anamaliza sekondari mwezi ujao na amepata nafasi mbili ambazo sikuwahi kuota mwanangu angezipata hata moja.

Niwaeleze walioko nyumbani. Huku mtoto hatoki sekondari akaingia moja kwa moja udaktari kama kwetu. Anasoma digrii ya kwanza miaka 4, anafanya mtihani wa MCAT, ndipo anaomba chuo cha udaktari cha miaka mingine 4, na zaidi ya nusu ya wanaoomba kila mwaka hukosa. Ila vipo vyuo vichache vilivyounganisha vyote viwili. Unaomba ukiwa na miaka 17, ukipata umepata.

Nafasi ya kwanza ni UMKC, yaani Chuo Kikuu cha Missouri cha hapa hapa mjini Kansas City. Ni miaka 6, unatoka na digrii ya kwanza na MD, yaani digrii ya udaktari, kwa pamoja. Wanaendesha mpango huu tangu 1971. Likizo ni chache, kiangazi pia ni masomo, na kuanzia mwaka wa kwanza wanaingia hospitali wakiwa na daktari mlezi wa kikundi chao. Ada tungelipa ya mkazi wa Missouri, na angeweza kulala nyumbani.

Ya pili ni Brown, kule Rhode Island, mpango wao wa PLME. Ni miaka 8, hakuna MCAT, na ile miaka 4 ya mwanzo anaweza kusomea hata historia mradi amalize masomo ya sayansi yanayotakiwa. Kwa kipato chetu msaada wao unafunika karibu yote ya miaka hiyo minne, na hawaweki mkopo ndani yake. Miaka 4 ya udaktari yenyewe ni hesabu nyingine.

Mama yake anataka ile ya miaka 6. Mimi nashindwa kuamua. Zuhura nikimuuliza anajibu, "Mtakavyoona, baba." Nisaidieni.

Dokta_Pwani:
Hongera sana kaka, mpe binti hongera zake.

Mimi nilisoma MD hapa Tanzania, miaka 5 na mwaka mmoja wa utarajali. Nilitoka kidato cha sita na PCB yangu (fizikia, kemia na baiolojia), nikiwa na miaka 20 nimesimama mbele ya maiti ya anatomia. Kwa hiyo umri usikutishe, huku kwetu hiyo ndiyo njia ya madaktari wengi.

Cha kuangalia ni kingine. Rafiki yangu wa chumba kimoja alikula sapu (mtihani wa marudio) ya biokemia mwaka wa kwanza, akaivuka. Mwaka wa pili akafiwa na mama yake wiki mbili kabla ya mitihani. Akadisko, yaani akaondolewa chuoni kwa kufeli. Aliondoka chuoni na begi la nguo na stakabadhi za ada, hana cheti cha chochote, ikabidi aanze upya fani nyingine na watoto waliokuwa nyuma yake. Yule kijana alikuwa na akili kunizidi mimi, na bado linaniuma.

Kaka, andikieni vyuo vyote viwili swali moja: Zuhura akitoka mwaka wa tatu, kwa kushindwa, kwa ugonjwa au kwa kubadili nia, anatoka na nini mkononi? Jibu mlipate kwa maandishi.

Muthoni_wa_Minnesota:
Baba Zuhura, mimi ni nesi, nasomesha wawili. Niongee pesa, kwa sababu sheria imebadilika na wazazi wengi hawajasikia.

Kuanzia tarehe 1 Julai 2026, ule mkopo wa serikali uliokuwa unaziba pengo lolote la wanafunzi wa udaktari, Grad PLUS, umefungwa kwa wakopaji wapya. Mwanafunzi wa udaktari atakopa serikalini mwisho dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Mzazi naye kwa mtoto wa digrii ya kwanza amewekewa 20,000 kwa mwaka, isizidi 65,000 kwa kila mtoto.

Sasa piga hesabu. Ada ya udaktari pale Brown peke yake inazidi dola 70,000 kwa mwaka, hapo hajala wala hajalipa chumba. Wasipompa msaada wa kutosha, pengo linajazwa na benki binafsi, na benki itataka sahihi yako wewe. Waulize wahitimu wa PLME kutoka familia za kipato chenu wanapewa nini wakiingia miaka minne ya mwisho.

Na UMKC muulize: ni mwaka wa ngapi mwanafunzi anaanza kuhesabiwa wa udaktari kwa upande wa mikopo? Katika mpango wa miaka 6 mstari huo unaweza kubadili kila kitu. Nenda ofisi ya misaada ukae nao, usimalize mambo kwa simu.

Salma_M:
Shikamoo baba. Mimi nimepita njia hii, programu ya miaka 7 jimbo lingine. Sasa niko mwaka wa pili wa ubingwa wa watoto.

Mwaka wa pili GPA yangu, yaani wastani wa alama, ilishuka chini ya kiwango kwa sababu ya kemia moja tu, wakanirudisha nyuma mwaka mzima. Nilificha nyumbani miezi mitano. Nilikuwa namwambia mama kwenye simu kila kitu kiko sawa, huku nalia. Simlaumu mtu, lakini nilipokubali ile nafasi na mimi nilisema "mtakavyoona". Nilipoanguka nikahisi nimeangusha uamuzi wa watu wengine.

Jambo lingine. Tangu Januari 2022 mtihani wa Step 1, ule wa kwanza wa leseni ya udaktari huku Marekani, hauna alama tena, ni kufaulu au kufeli. Kwa hiyo fani zenye ushindani kama upasuaji wa ubongo zinaangalia sana utafiti, na utafiti watu huufanya kiangazi. Miaka 6 haina viangazi vingi. Kama anataka tiba ya familia au watoto, hilo halimgusi sana.

Tafadhali mtoeni nje ya nyumba mumuulize tena, mmoja wenu tu.

PapaUvira:
Baba Zuhura, mimi ni jirani yako, niko mtaa wa Northeast hapa Kansas City tangu 2016. Kijana wangu anasoma chuo na analala nyumbani. Nikwambie ukweli ndugu yangu. Kwetu mtoto mkubwa ndiye anayesoma barua ya bima, anayeongea na mwenye nyumba, anayempeleka bibi hospitali kutafsiri. Kijana alishindwa somo moja kwa sababu kila wiki tulimwita. Sisi ndio tulimwita. Kama Zuhura atabaki hapa, muamue leo nani atashika kazi hizo.

BabaZuhura:
Nawashukuru wote, Mungu awabariki. Salma mwanangu, nimesoma ujumbe wako mara tatu.

Jumamosi nilimchukua Zuhura kwenye lori mpaka Topeka na kurudi. Kwenda hakusema neno. Kurudi akaniambia udaktari anautaka kwa moyo wake wote, na Brown anaitamani kwa ajili ya ile miaka minne ya kusoma mengine, ila anaogopa kumwacha mama yake na barua. PapaUvira, ni kana kwamba ulikuwa umekaa kati yetu.

Maswali ya Dokta na ya Muthoni ameyaandika mwenyewe, jana ameyatuma kote kuwili. Jumanne ana miadi ya ofisi ya misaada UMKC, ameomba aende peke yake na nimekubali. Mama yake ameanza kukaa na mdogo wake Zuhura kila jioni, wanafungua barua pamoja. Majibu yakija nitayaleta hapa.