Gumzo la wazazi wa Darasa la Tano: zoezi la moto na somo la makuzi

Mama Zuhura (mwakilishi): Asalaam alaykum na habari za jioni wazazi wenzangu. Barua ya mwalimu mkuu mmeiona? Ijumaa saa nne asubuhi kuna zoezi la kutoka madarasani moto ukitokea, Zimamoto watakuwepo. Jumatatu linaanza somo la makuzi na usalama wa mwili. Yote mawili yanataka saini ya mzazi. Kesho nakutana na mwalimu mkuu, nataka niende na maneno yenu.

Baba Neema: Waalaykum salaam. La moto nimesaini. La pili bado. Mtoto wa miaka kumi na moja hayo ya nini jamani?

Mama Kelvin: Mimi kinyume chako. La pili nimesaini, la moto ndilo linanitia hofu. Shule aliyokuwa Kelvin zamani walipigiwa kengele ghafla, wakakanyagana mlangoni. Usiku hakulala.

Ustadhi Bakari: Nauliza kwanza, nani anafundisha? Na wavulana na wasichana wanakaa pamoja? Sipingi elimu hii. Madrasa tunafundisha twahara, hedhi, josho, na ni watoto wa umri huohuo. Ila wasichana wana mwalimu wao wa kike, hawaoni haya kuuliza.

Bibi Mwanaidi: Hamjambo wanangu. Enzi zetu mtoto akivunja ungo alikabidhiwa kwa somo wake, yaani kungwi wa kumfunda, akawekwa ndani akafundwa. Mama hakusema naye, baba ndiyo kabisa. Sasa makungwi tumebaki wachache, na watoto wanavunja ungo wako bwenini, mbali na shangazi na bibi. Halafu sisi tulifunda baada ya kuvunja ungo. Mwenye nia mbaya hangoji hapo.

Baba Neema: Shikamoo bibi. Hilo la mwisho limenigusa.

Bibi Mwanaidi: Marahaba baba.

Mama Imani: Baba Neema, nikujibu kama muuguzi. Watoto wanaoletwa kwetu wameumizwa, wengi aliyewaumiza wanamjua. Jirani, ndugu, bodaboda wa kumpeleka shule. Na wanachelewa kusema. Ameambiwa "ukisema mama yako atakufa", au amezoea tu kwamba mkubwa akisema mdogo anatii. Dawa za kinga ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Akisema siku ya tano, hizo tumezikosa. Kwa umri wao somo linatakiwa liwape mambo machache: wapi hapaguswi, siri gani haitunzwi, na nani aambiwe. Huyo wa kwanza asipomwamini, aende kwa wa pili.

Baba Neema: Lakini sheria si ipo? Mbakaji miaka 30 jela.

Mama Imani: Ipo tangu 1998, na mwaka 2016 sheria ya elimu nayo ikaweka miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Inafika mtoto ameshaumia. Na wazazi tushike hili: likitokea usimwogeshe, nguo usizifue, mkimbize hospitali kwanza, karatasi ya polisi isiwacheleweshe. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116 mtoto anapiga bure.

Baba Juma: Naomba nirudi kwenye moto, mimi ni fundi wa milango ya chuma. Wiki iliyopita nimepeleka godoro bwenini. Madirisha yote yana nondo za kuchomelea, hakuna hata moja linalofunguka. Mlango wa nyuma una kufuli, ufunguo anao matroni, na matroni analala jengo jingine. Bweni la shule ya Kyanguli kule Machakos, Kenya, liliungua Machi 2001, wakafa wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana nondo. Hapa kwetu Tanzania, Kyerwa, Septemba 2020, watoto 10. Endarasha, Nyeri, Kenya tena, Septemba 2024, watoto 21. Zote usiku, watoto wamelala. Sasa zoezi la saa nne asubuhi, wamevaa viatu na mwalimu yuko mbele yao, linamsaidia nini wa bweni?

Mama Zuhura: Baba Juma, umenitoa usingizi.

Mama Kelvin: Kelvin ananiambia hapa kwamba walionywa, atakayefungua mlango usiku atachapwa. Nimemuuliza, na moto ukiwaka? Anasema "tungemsubiri matroni".

Mama Imani: Ndilo nililokuwa nasema, Baba Neema. Mtoto anayengoja ruhusa ya kuukimbia moto, mtu mzima akimfanyia ubaya gizani atapiga kelele?

Ustadhi Bakari: Hata sala inakatwa ukiona mtu anaungua. Adabu haijawahi kuwa kunyamazia madhara. Nitalisema madrasa Jumamosi, na mimi nasaini, kwa sharti wasichana wawe na mwalimu wa kike.

Mama Kelvin: Na zoezi lifanyweje wasiogope?

Baba Juma: Mara ya kwanza waambiwe, watembee taratibu mchana, kila mtu aijue njia yake na pa kukusanyikia, waitwe majina. Baadaye jioni, bwenini, taa zimezimwa. Wajifunze kutambaa, maana moshi unapanda juu. Wasijifiche chini ya kitanda, wasirudie begi. Kengele ya ghafla iwe ya mwisho kabisa.

Baba Salma: Mimi la makuzi sisaini. Mwanangu atafundishwa nyumbani.

Bibi Mwanaidi: Haki yako baba. Na nani, na lini?

Baba Salma: Mama yake, hizi likizo.

Bibi Mwanaidi: La siri isiyotunzwa mwambieni leo. Mengine yangoje likizo.

Baba Salma: Sawa bibi. Leo.

Baba Neema: Mama Zuhura, nataka nilione daftari la mwalimu kabla ya Jumatatu. Nikiliona nasaini.

Mama Zuhura: Nitaliomba. Kesho naanza na ufunguo wa mlango wa nyuma, na hiyo amri ya kuchapwa ifutwe. Nondo je, tukiambiwa hakuna fedha?

Baba Juma: Nikipewa ruhusa, nakata na kuweka bawaba na komeo la ndani. Ufundi bure. Bawaba na makomeo tuchangie.

Mama Kelvin: Madirisha mangapi?

Baba Juma: La wasichana kumi na manne. La wavulana sijahesabu.

Ustadhi Bakari: Kesho baada ya alasiri napita huko. Nitahesabu nikutumie.