Naomba ushauri: jumuiya inasali, lakini wanafunzi wa Yesu ni wachache

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Mimi ni katibu wa jumuiya ndogo ndogo, yaani kaya jirani za Wakatoliki zinazosali pamoja, katika parokia moja ya Jimbo Kuu la Dodoma. Daftari lina kaya 23. Jumamosi saa 12 asubuhi hawafiki watu 10. Injili ikisomwa, kimya. Mwenyekiti akifungua daftari la michango, hapo ndipo sauti zinasikika. Wengine huja wakiwa na ubatizo wa mtoto au ndoa mbele, baada ya hapo hatuwaoni.

Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walizipa jumuiya kipaumbele mwaka 1976 ili imani iishi kati ya majirani. Sisi tumeifanya yetu kituo cha kukusanyia zaka, na inaniuma.

Juzi mama mmoja mkulima wa zabibu, mkimya siku zote, alisoma habari ya mzabibu na matawi, kisha akatuonyesha kwa vidole anavyopogoa na kwa nini tawi lisilokatwa halizai vizuri. Tulikaa hadi saa 2!

Nataka kuanzia hapo. Mliofanikiwa kuwalea waamini baada ya Kipaimara, mlianzaje? Michango tuipangie siku nyingine? Na vijana wa bodaboda, tuwafuate kijiweni?