Naomba ushauri: kisu kisichokunjwa kwa safari za mlimani

Wakuu, habari za leo. Nasindikiza wageni kupanda Uluguru, mara nyingi tunalala huko siku mbili. Nilikuwa na kisu cha kukunja. Mwezi uliopita nikichonga vijiti vya kuwashia moto, kifungio kikaachia, makali yakanirudia kidole cha shahada. Kovu ninalo. Sasa nataka kisichokunjwa.

Nimeazima cha rafiki nikijaribu, cha chuma cha kaboni, bapa sentimita 10 hivi. Hakina bawaba ya kulegea wala kujaa mchanga. Ukimaliza kukata vitunguu unakisuuza basi. Kunoa ni dakika chache tu kwenye kinoo. Tatizo ni ukungu wa kule juu. Nilikirudisha kwenye ala ya ngozi kikiwa na unyevu, asubuhi nikakuta madoa ya kutu karibu na mpini. Nikapaka mafuta ya kupikia, yakawa yanashika vumbi na kunata. Halafu hakikai mfukoni, na ukikivaa kiunoni kwenye daladala watu wanakuangalia kama jambazi, kwa hiyo nakifunga kwenye kitambaa ndani ya begi.

Maswali yangu:

Kwa unyevu ule, nihamie chuma cha pua (kile kisichoshika kutu haraka) hata kama ni kigumu zaidi kunoa, au nibaki na kaboni? Na kama ni kaboni, mnapaka nini kisichoharibu chakula?

Pili, kuni nachanja kwa panga. Je, bado kuna haja ya kulipia zaidi kisu ambacho chuma chake kinafika hadi mwisho wa mpini ili kiwe imara zaidi?